Miwani Haikujua Mteremko

Wenzangu mliobaki kituoni,

Neema ndiye aliyenipa daftari hili siku niliporudisha kitambulisho na ile jaketi ya bluu. Alisema, "Mama Yasinta, usiondoke na vitu vyote kichwani." Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta sentensi inachechemea, jueni imemfuata mwenyewe. Vyeo sitaandika kwa sababu sikuwahi kuwa navyo, na mshahara mnaujua. Nitaandika kazi. Na walioharibu kazi nitawataja kwa majina, maana wao hawakuwahi kuona haya kututaja sisi.

Nilianza wakati wa wakimbizi wa kwanza, watu walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda siku baada ya siku mpaka lami ikawa haionekani. Kwetu ni mlimani, juu ya Kabanga. Nilisikia wanaajiri wapishi, nikaenda kwa miguu, nikasimama foleni nusu siku. Kumbe foleni haikuwa ya wapishi. Nilipofika mbele nilimkuta mzee mfupi ameketi juu ya debe, anatafuna tumbaku, ananitazama miguu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unaweza kupanda na kushuka siku nzima?"

"Mimi nimekuja kupika."

"Wapishi ni kule, na wameshajaa. Nijibu nilichokuuliza."

"Naweza."

"Haya, shika huu mkanda. Usiuachie hata nyuki akikuuma."

Huyo alikuwa Mzee Pastori, mpima viwanja, na ndiye mwalimu pekee niliyempenda baada ya yule wa darasa la kwanza. Alikuwa mtu wa Nyamigogo, Biharamulo. Kila alipokasirika alisema kesho anarudi kwao kulima mahindi, na kesho tulimkuta pale pale juu ya debe. Kazi yetu ilikuwa kuukata mlima viwanja kabla watu hawajaujaza: kigingi, kamba, kigingi. Tulikuwa na mkanda wa kupimia, nyundo, na mpira mwembamba wa maji, ule unaoonyesha ndani. Mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji yenyewe yanawaambia nani yuko juu. Ramani alikuwa nayo mfukoni, lakini hakuturuhusu kuitazama kabla hatujatembea eneo lote. "Ukianza na karatasi," alisema, "utatembea unatafuta karatasi." Nilidhani ni uchoyo wa mzee. Ulikuwa uchoyo kidogo, lakini mengine yalikuwa akili.

Nyonga yangu hii, inayonifanya nitembee kama bata na nyinyi mnaigiza mkidhani sioni, iliharibika mwaka ule ule. Uwanja wa kugawia chakula ulikuwa na milango miwili, wa juu na wa chini. Tuliupima sisi. Msimamizi wa uwanja, Gaspari, akauziba mlango wa chini kwa magogo ili atumie mlinzi mmoja badala ya wawili. Kwenye ubao wa matangazo akaiacha ramani vile vile, mlango wa chini umechorwa vizuri, na mshale wake. Siku radi ilipopiga karibu na watu wakakimbia, waliojua ramani walikimbilia chini. Mimi na Leonida, mwenzangu wa kushika mkanda, tulikuwa mbele kabisa, maana vigingi vya mlango ule tuliviweka kwa mikono yetu. Mimi walinitoa chini ya watu nikiwa hai. Leonida hawakumtoa hai. Kwenye kikao Gaspari akasema tatizo ni kwamba wakimbizi hawajui kusoma ramani. Naandika jina lake hapa ili na yeye asomwe. Ramani waliisoma. Mwongo alikuwa yeye.

Sitakaa hapo. Kambi zile zilifungwa, Mzee Pastori akarudi kwao kulima mahindi kweli na akafia huko, mimi nikauza ndizi Kabanga miaka mingi. Halafu watu wakaanza kuvuka tena, safari hii Warundi, kikafunguliwa kituo chetu cha mpito, na mimi nikaajiriwa kuelekeza wageni: choo kile, bomba lile, zahanati kule. Mnajua utaratibu. Watu wanakaa siku chache, wanapandishwa basi kwenda kambi ya kusini, na wakifika kule wanamwagwa kati ya nyumba elfu zinazofanana kama punje za mahindi.

Ndipo akaja Neema kutoka Dar, na sanduku lenye miwani sita. Miwani mikubwa, inafunika nusu ya uso, ndani kuna picha za ile kambi ya kusini. Ukigeuza shingo, kambi inageuka. Chini kuna duara jeupe. Ukilitazama na kubonyeza kidude cha mkononi, unaruka hadi pale duara lilipo. Kwa hiyo mtu anaweza kutembea kambi nzima akiwa hapa kituoni, ajue nyumba za mtaa wake, bomba, soko na zahanati kabla hajapanda basi. Nilipoelezwa nilisema moyoni, ramani ya Gaspari imerudi, safari hii wanaifunga machoni kabisa.

Lakini nilimpenda yule binti tangu siku ya kwanza, kwa sababu alicheka mambo yalipomshinda. Na yalimshinda. Mzee mmoja alivaa miwani, akavua kofia, akaanza kuwaamkia watu wa kwenye picha mmoja mmoja, na alikasirika kwamba hawaitikii. "Vijana wa kambi hiyo hawana adabu," akasema, "mimi siendi." Mama mwingine alitazama chini akapiga ukelele.

"Miguu yangu iko wapi?"

"Ipo, mama," Neema akamwambia.

"Siioni! Nimekufa?"

"Hujafa, ni miwani tu."

"Mtu asiye na miguu ni mzimu. Nitoeni huku!"

Tangu hapo nikaweka dawa yangu: mtu akivaa miwani, ninamkanyaga kidogo kidole cha mguu. Anasema "yalaa," anajua anavyo vyote, tunaendelea.

Kosa la kwanza la Neema lilikuwa upole. Alishika kidude yeye mwenyewe akawatembeza watu kama wageni wa harusi: hili ni soko, hili ni tangi. Walisifu sana. Wakivua miwani ukawauliza soko liko wapi, wanaonyesha dari. Nikamwambia, "Mwanangu, wape kidude wapotee." "Wakipotea si watakata tamaa?" "Aliyepotezwa na mwingine hukata tamaa. Aliyejipoteza mwenyewe hutafuta." Tukawaachia. Walizunguka, walitukana, walirudi tangini mara tano, na walipovua miwani walichora njia sakafuni kwa mahindi bila kuulizwa. Nikaongeza jaribio moja: vua, fumba macho, nyoosha kidole ilipo zahanati. Mdomo unaweza kukariri. Kidole hakikariri.

Na hapo ndipo watu wengi walianguka. Wanaweza kutaja kila kitu kwa mpangilio, tangi, duka lenye madumu ya njano, mti uliokatwa, zahanati, lakini ukisema nyoosha kidole, kila mmoja na upande wake.

Aliyetufunulia sababu ni Joselina. Alikuwa na mimba ya mwezi wa nane. Zamani, ukimbizini kwingine, mtoto wake wa kwanza alimfia mgongoni kwa homa wakati anazunguka kati ya mahema akitafuta zahanati. Baadaye aligundua alikuwa ameipita mara mbili. Kwa hiyo huyu alikuja kwetu akasema wazi: basi sipandi mpaka niijue njia ya zahanati kama ninavyoijua ya kisima cha kwetu. Neema alimpa miwani siku tatu. Siku ya tatu akaivua, akaiweka mezani taratibu.

"Hii zahanati iko haruguru au hepfo?"

Kwa Kirundi haruguru ni upande wa mlimani, hepfo ni upande wa bondeni, na sisi Wahangaza tunaelekezana hivyo hivyo.

"Ni kushoto, baada ya tangi," Neema akasema.

"Kushoto kwa nani?"

"Kwako."

"Nikigeuka?"

Neema akanitazama mimi. Nikacheka mpaka nyonga ikauma. Kushoto hugeuka nawe, mlima haugeuki, na sisi tulikuwa tumewaketisha watu wa milima kwenye viti vya plastiki juu ya sakafu ya saruji, tukawaonyesha nchi bapa! Mle ndani unaruka kutoka duara hadi duara, hupandi wala hushuki, pumzi haikuambii kitu.

Picha zilipigwa na fundi aitwaye Deo. Nikampigia simu.

"Deo, kule kuna mteremko?"

"Mama, mteremko hauingii kwenye picha."

"Sijauliza picha, nakuuliza wewe. Kwenda zahanati ulichoka ukienda au ukirudi?"

"Nilikuwa na pikipiki."

Huyo ni Deo. Mwandikeni.

Basi nikavaa miwani mwenyewe nitafute mlima kwa dalili. Nikaona milango ya nyumba. Yote inatazama upande mmoja, na njia ya zahanati inapita nyuma ya nyumba, inakwenda upande wa pili. Sasa, kwetu nyumba huupa mlima mgongo. Mlango unatazama bondeni, ili maji ya mvua yasiingie ndani na umwone anayepanda kuja kwako. Nikasema, limeisha: mlangoni ni bondeni, nyuma ya nyumba ni mlimani, zahanati iko juu. Nikamwita Joselina, nikamwonyesha milango.

"Ego!" akasema, yaani ndiyo, na akapiga kofi. "Sasa naona. Mbona ilikuwa wazi!"

Nikawaita wengine. Hata mmoja hakubisha. Ndiyo maana ninawaambia, watu wote wakikubali haraka, ogopeni.

Tukatoka ukumbini. Nikawasimamisha kwenye ule mteremko nyuma ya jiko, uso bondeni kama mtu anayetoka mlangoni kwake, halafu geuka, na kila ukiruka duara moja, panda hatua tatu kwa miguu yako halisi, mimi nikiwa nimekushika mkono usiingie kwenye masufuria. Jamani, ilifanya kazi! Walioonyesha dari sasa walifumba macho wakanyoosha kidole bila kusita. Joselina alinyoosha akiwa amefumba, amegeuzwa mara tatu, na kidole kilikwenda mlimani moja kwa moja. Neema alilia. Mimi sikulia, lakini nilienda kuangalia jiko kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alhamisi Joselina akapanda basi na wenzake, akinipungia kwa kile kidole chake.

Jumatatu basi likarudi. Dereva wetu Selemani, mnamjua, mtu wa Biharamulo mjini asiyeweza kusema jambo bila kulicheka kwanza.

"Mama Yasinta, umewalisha nini watu wako? Wameshuka kwenye basi, wameweka mizigo, wote wanapanda mlima kama mbuzi."

"Wanakwenda kuangalia zahanati."

"Zahanati gani ya juu? Zahanati iko chini kabisa, karibu na mto."

Nilikaa kwenye ngazi ya basi. "Na milango?"

"Milango inatazama barabara. Barabara iko juu, magari ya maji yapite. Kwani mlango unajua mlima?"

"Joselina, yule mwenye tumbo?"

"Alipanda na wenzake. Zaidi ya hapo sijui, mama, nilikuwa nageuza gari."

Sasa nijitaje na mimi. Deo hakuandika mteremko, hilo ni lake. Lakini aliyesema zahanati iko juu ni mimi, Mama Yasinta, niliyefundishwa kutembea kwanza, nikafundisha mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Familia zote za basi lile zilikwenda na mlima nilioupindua mimi. Na mmoja wao alikuwa na wiki chache tu mbele yake.

Safari iliyofuata nilipanda basi mwenyewe. Neema alibaki kusimamisha mafunzo ya waliobaki, aliwaambia ukweli wote mbele ya ukumbi, na aliniambia nisirudi bila majibu. Njiani, pale Nyakanazi, Selemani alisimamisha basi ili watu wapate chakula, akanigongea dirisha.

"Hata chai, mama?"

"Endesha."

"Dereva naye ana tumbo."

"Joselina analo kubwa zaidi. Endesha."

Tulipofika ndipo nilipoijua ile miwani vizuri. Sikuwahi kufika kule, na nilijua kila kona. Tangi lile, duka la madumu ya njano lile, mti uliokatwa ule, nikauamkia moyoni kama jirani. Lakini kichwa kinasema panda, na miguu inashuka. Nilijikwaa mara mbili mahali pasipo na jiwe. Nyumba ya Joselina niliipata bila kuuliza. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage, tumbo lake mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilivuta pumzi.

"Yoo! Mwalimu wa milima!" akasema. Hakusimama. "Umekuja kuhamisha mto?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikosea."

"Hilo nililijua nilipofika barabarani." Akatupa kokoto iliyokuwa kwenye maharage. "Nilipanda mpaka juu, nikaona magari tu. Nikakaa chini. Nikamkumbuka yule wa mgongoni."

"Wamekuonyesha zahanati ilipo?"

"Wamenionyesha. Nimeshafika mara moja, nimeshikwa mkono. Lakini shida si hiyo. Nikifumba macho, miguu bado inataka kupanda. Ulinifundisha vizuri mno, mama."

Hilo neno ningelikatia fremu nikalitundika ukumbini. Tulidhani mtu akifundishwa vibaya ukimsahihisha kwa mdomo yamekwisha. Mwili hausikii mdomo. Uchungu ukimshika mvua inanyesha, matope kila mahali, angefuata nini, maneno ya jirani au miguu yake?

"Simama," nikamwambia. "Twende."

"Na nyonga yako hiyo?"

"Na tumbo lako hilo. Tutakuwa sawa."

Mara ya kwanza nilimshika mkono. Tulitoka mlangoni, tukazunguka nyuma ya nyumba, tukashuka. Tulisimama kwenye mti uliokatwa ili asikie uzito ulivyohamia vidoleni, jinsi mtu anavyoshuka. Tukafika, akagusa ukuta wa zahanati, tukarudi tukihema. Mara ya pili alikwenda mbele. Mara ya tatu alijifunga kitenge machoni, akasita kwenye tangi, mguu ukaenda juu, akaurudisha mwenyewe akiutukana kwa Kirundi. Mara ya nne hakusita. Muuguzi alitoka nje akatutazama, kiguu na mjamzito, tumelowa jasho.

"Nyie akina mama mnatafuta nini tangu asubuhi?"

"Tunasoma," Joselina akajibu.

Pale pale ukutani nilimgeuza mara tatu, nikamwambia fumba macho, nyumba yako iko wapi. Akanyoosha kidole juu. Nikamrudisha nyumbani, nikamgeuza tena: zahanati. Kidole kikashuka bondeni kama jiwe. Siku mbili zilizobaki kabla sijarudi kituoni alinisaidia kuwatembeza wengine wa basi lile, na alikuwa mkali kuliko mimi, anawakanyaga vidole ingawa hawana miwani.

Nimewaachia utaratibu, nao Neema ameuandika kwa lugha yenu ya ofisini. Kwa lugha yangu ni huu. Msimfundishe mtu mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu aliyepatembea. Mpiga picha ashuke kwenye pikipiki. Watu wasimame, wasikae, na wasimame kwenye mteremko unaofanana na ule wa kwenye picha. Mkikosea, msitume ujumbe. Nendeni mkatembee nao mpaka miguu yao iamini. Miwani ni kitu kizuri, naikumbuka kuliko ninavyokumbuka wakubwa wetu kadhaa, lakini imezaliwa bila miguu, kwa hiyo miguu lazima muilete nyinyi.

Wiki iliyofuata nilikuwa nyuma ya jiko nawapandisha watu, sorry, nawashusha, maana nilikuwa nimeshaugeuza mlima, Selemani akaja na honi tangu getini mpaka Neema akatoka mbio. Safari hii alisahau kucheka kwanza. Alisema Joselina amejifungua, mtoto wa kike, wote wazima. Mvua ilikuwa kubwa, majirani walileta machela wambebe, akakataa, akashuka kwenye matope kwa miguu yake mwenyewe, na njiani hakumuuliza mtu njia.